Barua kwa mwanangu: chai za kikohozi na Neema wa miezi minane

Kondoa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza mambo mawili: wewe na baba Neema mtengeneze nini jikoni kwa hicho kikohozi cha vumbi la huko kwenu Nkuhungu, Dodoma, na kama Neema naye aonjeshwe. Naanza na Neema, yeye ndiye asiyesubiri.

Usimpe. Si tangawizi, si kitunguu saumu, na asali ndiyo kabisa mpaka atimize mwaka. Hata iwe ile safi ya Singida, asali inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtu mzima huvimudu. Kwenye utumbo wa mtoto huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Kuichemsha hakusaidii, maana vijimbegu hivyo vinastahimili moto wa jikoni. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na umsafishe pua kabla ya kunyonya. Akionekana kuhema haraka, mfunue kifua akiwa ametulia, halii, uhesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa. Zikifika 50 au zaidi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usihesabu chochote, nenda. Na nyungu ya mkaratusi asiwekwe kabisa. Akirusha mguu mmoja tu, sufuria yote inammwagikia.

Sasa ninyi wakubwa. Chukua tangawizi mbichi, kipande cha sentimita 3. Si lazima uimenye, isugue udongo utoke kisha uikate vipande vyembamba. Weka kwenye vikombe 2 vya maji, funika, ichemke kwa moto mdogo dakika 10, chuja. Ikipoa kiasi cha kushika kikombe bila kitambaa, ndipo utie asali kijiko kimoja cha chai na maji ya nusu ndimu. Vikombe viwili kwa siku vinatosha. Watu huijaza tangawizi wakidhani ukali ndio dawa, halafu usiku wanalalamika kiungulia. Chai hii inalainisha koo tu, haiui ugonjwa wa kifuani, kwa hiyo kikohozi kikifikisha wiki mbili mkapimwe makohozi. Kama mama mkwe bado anameza dawa za kuzuia damu kuganda, asizoee tangawizi wala kitunguu saumu kwa wingi bila kumwambia daktari wake.

Mchaichai ni kinyume chake. Mzizi mgumu huchemshwa, jani laini hufunikwa kwenye maji ya moto. Ukiutokosa nusu saa sufuria ikiwa wazi, ile harufu inayojaa nyumba nzima ndiyo mafuta yake yanayopotea, na unachobaki nacho ni maji ya kijani. Majani 4, yafunge fundo, yagonge kidogo kwa mchi, yamwagie vikombe 3 vya maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 7. Mchaichai unapendeza hata bila sukari.

Ukitaka kuyakausha, Dodoma ni pazuri kwa sababu hewa ni kavu, ila si juani. Jua la huko linayapausha na kuyamaliza harufu. Yatandaze kivulini, juu yake kitambaa chepesi kwa ajili ya vumbi, na kila siku uyageuze. Jani likivunjika kwa sauti badala ya kujikunja, limekauka. Ukiyawahi kwenye chupa kabla ya hapo, yataota ukungu, na hayo ni ya kutupa.

Kitunguu saumu ni kwa kula. Ponda punje 1, iache dakika 10 ndipo uitie kwenye supu, maana nguvu yake huamka baada ya kupondwa na moto wa mapema huizima. Kumfunga mtoto nyayoni au kifuani kama wanavyokushauri majirani, hapana! Kinaunguza ngozi hadi malengelenge.

Mkipata kuharisha, msianze kutafuta majani ya mpera. Kinachoua ni kuishiwa maji. Pakiti ya chumvichumvi (ORS) ya duka la dawa ni bora, na ikikosekana: maji safi lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto, kwa hiyo onja: isizidi chumvi ya machozi. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi. Yasiyokwisha kesho yake yamwage.

Shubiri ni ya ngozi. Ukiungua kidogo jikoni, kwanza mwagia maji safi ya kawaida dakika 20, si dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Kisha kata jani nene la chini, lisimamishe kwenye glasi mpaka utomvu wa njano utoke wote, ndipo umenye na upake ule ute mweupe. Utomvu wa njano unawasha, na ukinywewa unaharisha vibaya. Shubiri za porini msinywe, ziko aina nyingi na nyingine zina sumu.

Homa ni kupima malaria kwanza. Mwarobaini hautakuonyesha kama ni malaria au la, na mafuta yake yamewahi kudhuru watoto wadogo, kwa hiyo yasikae mahali Neema anapofika.

Nakutumia kwa basi la kesho mashina matatu ya mchaichai ndani ya gunia bichi. Yapunguze majani yabaki sentimita 15, panda kila shina peke yake, umwagilie jioni. Maji ya kuoshea mboga yanafaa, ya sabuni usiyape. Usiyavune mpaka kila shina litoe machipukizi.

Mama yako