Jani la Mkarafuu Si Sahani ya Aga: Kwa Wanaoanza Maabara

Vijana wengi wanaokuja kwa mazoezi ya vitendo, wakishapewa sahani mbili tatu za aga, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, hutaka jambo moja: kumwona kuvu mmoja akimshinda mwenzake. Mshindi apigwe picha, picha iingie kwenye ripoti, kazi iishe. Nawaandikia nyinyi mnaokuja msimu huu, hasa mtakaokwenda Pemba kukusanya majani ya mikarafuu, mjue mapema kwamba picha ile ni mwanzo tu wa kazi, na peke yake hudanganya.

Jani zima la mkarafuu, la kijani lisilo na doa, lina wakaazi ndani yake: kuvu, chachu na bakteria wanaoishi baina ya seli za mti, na wengine ndani ya seli zenyewe, bila ya kuuguza. Ndio hao tunaowaita endofaiti. Katika miti ya nchi za joto jani linapochomoza huwa karibu tupu. Wakaazi wake wengi hutoka nje, spora, yaani vijimbegu vya kuvu, zikiletwa na upepo na mvua, zikaota juu ya jani na kupenya. Kwa hivyo lile jani changa jekundu la nchani na jani kuukuu la nyuma yake, juu ya tawi moja, wana wakaazi tofauti kabisa. Unapochuma andika: jani la ngapi kutoka nchani, urefu gani kutoka chini, mvua ya mwisho ilinyesha lini. Mfuko ulioandikwa “mkarafuu, Wete” na basi, mimi siupokei.

Mwenye shamba msikilize. Akikwambia tawi lile lilianza kukauka kiangazi kilichopita, hiyo ni data, tena huipati maabara. Kuvu wengi wanaokaa kimya ndani ya jani zima, Colletotrichum kwa mfano, ndio hao hao wanaogeuka wagonjwishaji mti ukikosa maji au ukiumizwa. Visiwa vyetu vina historia ndefu ya mikarafuu kufa ghafla. Miaka ya 1950 watafiti Nutman na Roberts waliuhusisha ugonjwa huo na kuvu Valsa eugeniae. Ukisoma kazi za zamani namna hiyo utaona jinsi swali la “nani ameua mti” lilivyo gumu, kwa sababu unayemkuta kwenye mti uliokufa huenda alikuwemo tangu mti ukiwa mzima. (Na msimu wa mavuno usende kusumbua watu kwa mifuko yako. Watu wako juu ya miti.)

Jani likishachumwa linaanza kufa, na wale wanaokua haraka wanaanza kuwatangulia wenzao. Litie kwenye mfuko wa karatasi, ndani ya kisanduku cha baridi, lisigusane na barafu, na panga safari yako kwa saa za boti ya Mkoani. Likifika, kazi ianze siku hiyo hiyo, au kesho yake kwa kuchelewa sana.

Kusafisha nje ya jani ndipo wengi wanapopaharakisha. Spiriti ya asilimia 70, kisha jiki iliyochanganywa na maji, kisha spiriti tena kidogo, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa kwa otoklevu, ile sufuria ya mvuke wa shinikizo inayoua vijidudu, mara kadhaa. Dawa ikizidi inapenya ndani na kuwaua unaowatafuta. Ikipungua, utaotesha vumbi la njiani na kuliita endofaiti. Njia ya kujua ni mbili, zifanye zote: maji ya suuza ya mwisho yamwage juu ya sahani ya aga, na jani lililosafishwa ligandamize juu ya sahani nyengine kisha uliondoe. Kitu kikiota kwenye moja ya sahani hizo, kundi lote la siku hiyo tupa. Sijali lilitoka mbali gani.

Sasa ugomvi wenyewe. Wanagombea nini? Chakula, nafasi, na zaidi ya unavyodhani, madini ya chuma. Chuma ndani ya mmea kimefichwa, na bakteria wengi, Pseudomonas miongoni mwao, hutoa molekuli za kukinasa na kukirudisha kwao, mwenzao akabaki na njaa. Ipo aga ya buluu ya kupimia jambo hili. Anayenasa chuma huzungukwa na duara la rangi ya chungwa. Wengine hutengeneza sumu. Wengine, kama kuvu Trichoderma, huzungusha nyuzi zao kwenye nyuzi za jirani na kumla mzima mzima. Wapo bakteria wanaovunja molekuli ambazo wenzao huzitumia kupashana habari, basi jeshi zima likawepo bila ya kupata amri. Na wapo wasiohitaji hata kugusa: kundi la mtafiti Gary Strobel lilimpata ndani ya mdalasini, huko Honduras, kuvu Muscodor albus ambaye mvuke wake peke yake huua kuvu na bakteria wengi. Kwa hiyo usitosheke na sahani ya kawaida. Tumia pia ile yenye ukuta katikati, kila mmoja na aga yake, hewa wakishirikiana.

Lakini yote hayo yanatokea juu ya aga ya viazi yenye sukari tele. Ndani ya jani hakuna sukari tele. Kuna mafuta ya karafuu, ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, na yujenoli ni sumu kwa kuvu na bakteria wengi. Anayeishi humo ameizoea kwa namna moja au nyengine. Bingwa wako wa sahani, je, anaiweza? Mjaribu. Yujenoli haiyeyuki vizuri kwenye maji, basi iyeyushe kwanza kwa spiriti kidogo. Usiitie kabla ya otoklevu, itatoroka na mvuke. Subiri aga ipoe hadi karibu nyuzi 50. Na lazima uwe na sahani nyengine yenye spiriti ile ile bila ya yujenoli, la sivyo hutajua kilichomzuia ni kipi.

La pili ambalo sahani hailioneshi ni nani aliwahi. Ukiwaweka wawili siku moja, kwa umbali sawa, umewapa usawa ambao jani haliutoi. Ndani ya jani, aliyewahi kukaa barazani ndiye anayempangia mgeni pa kukaa. Kwa hivyo rudia jaribio: A atangulie siku tatu, kisha B atangulie, kisha waanze pamoja. Nimeona matokeo yakigeuka kwa mpangilio huo tu. Halafu nenda kwenye miche ya kitaluni, kwa sababu mti nao si sahani ya kukaliwa tu. Mkaazi mmoja anaweza kuamsha kinga ya mti, na adui akashindwa bila ya hao wawili kukutana. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi Panama walionesha kwamba majani ya mkakao yaliyopewa endofaiti yaliathirika kwa kiasi kidogo na Phytophthora, kimelea kinachouguza mkakao, kuliko yale yaliyokosa.

Majina nayo yachunge. Miche ya migomba inayokuzwa kwenye chupa hutoka karibu bila wakaazi, na Afrika Mashariki yamefanywa majaribio ya kuipa Fusarium oxysporum asiye na madhara ili apambane na minyoo ya mizizi. Fusarium oxysporum huyo huyo, kwa aina nyengine, ndiye anayeleta ugonjwa wa Panama wa migomba. Ukiandika jina la spishi peke yake hujasema kama ni rafiki au adui.

Mwisho, wengi wa wakaazi hawaoti kwenye aga kabisa, kwa hivyo siku moja utapeleka DNA ya jani kusomwa. Majibu yakirudi ukaona sayanobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, wamejaa tele, usifurahi bado. Mara nyingi hizo ni kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani ndani ya seli, za mkarafuu wenyewe, kwa sababu jeni tunayoitumia kuwatambua bakteria imo pia ndani ya kloroplasti na mitokondria. Ziondoe zote, hesabu upya, kisha ndiyo uniletee jedwali.