Mbwa anayebaki peke yake kutwa: tazama kwanza nusu saa ya mwanzo

Ndugu mwuliza swali, umeeleza kwamba mbwa wako ana mwaka mmoja na nusu, kwamba hubaki peke yake ndani ya nyumba kwa saa tisa unapokuwa kazini, kwamba jirani amelalamikia kelele zake, na kwamba umekuta fremu ya mlango wa mbele imetafunwa. Umekwisha kushauriwa umfungie kizimbani, au umtafutie mwenzake, au umfunge mnyororo nje. Nimefuga mbwa wawili kwa nyakati tofauti huku nikiondoka asubuhi na kurudi jioni, na ushauri huo wote nimewahi kupewa. Mmoja niliufuata, nikajuta. Kabla hujachagua lolote, naomba uiache simu ya zamani ikirekodi video mahali inapoweza kuuona mlango, kisha uondoke kama siku zote.

Nasisitiza video kwa sababu mimi nilipoteza miezi mitatu kwa kutokuwa nayo. Shaba, jike niliyemchukua akiwa tayari na miaka miwili, alikuwa akichana pazia na kukojoa karibu na mlango, nami nilikuwa nikirudi jioni, namwonyesha uharibifu na kumkemea. Alikuwa akiinamisha kichwa, analaza masikio na kugeuza macho pembeni, nami nikaamini kabisa kwamba anajua alichokosa na kwamba ananilipizia kwa kumwacha. Baadaye nilisoma habari za jaribio lililochapishwa mwaka 2009 na Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa nchini Marekani. Wenye mbwa walikuwa wakiambiwa ama kwamba mbwa wao amekula kipande cha chakula alichokatazwa, ama kwamba hakukila, na mara nyingine waliambiwa kinyume cha ukweli. Ule uso wa hatia ulifuata ukali wa mwenye mbwa na haukufuata kosa. Hata mbwa ambaye hakugusa kitu aliuonyesha alipokemewa. Kwa hiyo Shaba alikuwa akiniogopa mimi niliyesimama mbele yake, wala hakuwa na namna ya kuunganisha ukali wangu wa jioni na pazia alilolichana asubuhi. Nilichokuwa nimefanikiwa kukifanya ni kuongeza hofu juu ya hofu, kwani sasa aliogopa kuondoka kwangu na kurudi kwangu pia.

Video ya siku ya kwanza ilikuwa ngumu kuitazama. Hazikupita dakika tatu baada ya mlango kufungwa, Shaba akaanza kwenda na kurudi kati ya mlango na dirisha, akitweta ilhali hapakuwa na joto, udenda ukimtoka, kisha akaanza kulia kwa sauti ndefu na kuukwaruza mlango. Kipande cha nyama nilichomwachia hakukinusa. Aliendelea hivyo kwa takriban dakika arobaini, akalala kidogo, akaanza tena aliposikia hatua za mtu nje. Sasa mlinganishe na Bahati, dume niliyemfuga kabla yake, ambaye pia alikuwa akiharibu vitu. Nakumbuka siku moja ya likizo nilipojifungia chumba cha pili bila yeye kujua nimo: alilala hadi karibu saa nne, akaamka, akajinyoosha, akaliangusha pipa la taka, akachagua kiatu, akakitafuna kwa utulivu wa mtu anayesoma gazeti, kisha akalala tena. Nikirudi jioni uharibifu wa wote wawili ulifanana, lakini Bahati alikuwa hana la kufanya, na Shaba alikuwa katika hofu kuu.

Katika video yako, basi, tazama mambo matatu. Kwanza, wakati: hofu ya kuachwa kwa kawaida hujitokeza ndani ya nusu saa ya mwanzo, ilhali uchovu wa kukaa bure huchelewa. Pili, mahali: mwenye hofu huelekea milango na madirisha ulikopitia, naye asiye na kazi hutafuna chochote kitamu kwa meno. Tatu, chakula: mbwa aliyejawa na hofu mara nyingi hali hata anachokipenda. Fremu ya mlango iliyotafunwa inanitia shaka kwamba wako ni wa namna ya Shaba, ingawa nisingependa uniamini mimi kuliko video.

Ikiwa ni wa namna ya Bahati, kazi ni nyepesi. Mbwa mzima hulala sehemu kubwa ya mchana hata tukiwa nyumbani, kwa hiyo huna haja ya kumjazia saa tisa za burudani. Mtembeze asubuhi kabla hujaondoka, tena umwache anuse anavyotaka, kwa maana dakika thelathini za kunusa humchosha kuliko watu wanavyodhani. Badala ya kumpa chakula cha asubuhi katika bakuli, kijaze ndani ya mpira mgumu wenye tundu ili akitoe kidogo kidogo. Ondoa pipa la taka. Usimwachie mfupa uliopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali, na chokoleti, zabibu, vitunguu na peremende zisizo na sukari viwe mahali asipoweza kabisa kupafikia, kwani vinaweza kumdhuru vibaya wakati hakuna mtu wa kumwona.

Ikiwa ni wa namna ya Shaba, mpira wenye chakula hautasaidia kwa sasa. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa mbwa anayekojoa ndani anaweza kuwa na ugonjwa wa njia ya mkojo, na maumivu pia hubadilisha tabia. Kisha anza kumfundisha kwamba kuondoka kwako ni jambo dogo, ukianzia mahali asipoogopa hata kidogo. Kwa Shaba hofu ilianza nilipochukua funguo, kwa hiyo kwa siku sita nilizichukua mara nyingi kwa siku na kwenda nazo jikoni, chooni, au kukaa nazo kitini, mpaka akaacha kunyanyua kichwa. (Rafiki yangu mmoja aliniuliza kama nimeanza kuzeeka.) Baada ya hapo nikatoka nje ya mlango kwa sekunde tano, nikarudi bila shamrashamra. Zikawa sekunde kumi, ishirini, dakika moja, na siku nyingine nilishuka kutoka dakika mbili hadi nusu dakika ili asijue kwamba kila zoezi ni gumu kuliko lililotangulia. Kipimo kilikuwa video: akianza kutweta au kuufuata mlango, nimezidisha, na kesho narudi nyuma.

Wiki tatu za kwanza zilinifikisha dakika kumi tu. Kwa kukosa subira nikaruka siku moja hadi nusu saa, akalia karibu muda wote, nikapoteza siku tisa kurudi nilipokuwa. Habari njema ni kwamba ngazi za chini ndizo ngumu zaidi. Alipofika dakika arobaini akiwa amelala, saa mbili zilikuja haraka, na kutoka hapo hadi saa nne hapakuwa na taabu ya kuisimulia. Zoezi zima lilichukua miezi minne na nusu.

Sehemu iliyonipa shida kuliko zote ni kwamba katika kipindi hicho mbwa hapaswi kuachwa peke yake kwa muda unaozidi anaoumudu, kwa maana kila hofu kubwa huvunja ulichokijenga. Najua mtu anayeajiriwa akisoma sentensi hiyo atataka kufunga ukurasa. Mimi nilitumia likizo yangu yote kwa wiki tatu za mwanzo, kisha nikapata mama mmoja mstaafu jirani aliyekubali Shaba ashinde kwake, na siku ambazo hakuwapo dada yangu alifanyia kazi zake kwangu. Haikuwa lazima niwepo mimi. Ilitosha awepo mtu. Zoezi lenyewe nililifanya jioni, dakika ishirini au thelathini. Kama hofu ni kali mno kiasi kwamba hata sekunde tano hazimudu, zungumza na daktari kuhusu dawa. Fluoksetini na klomipramini hutumiwa kwa tatizo hili hasa, kwa maagizo ya daktari na pamoja na mafunzo. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi kikamilifu, na hazimgeuzi mbwa kuwa zezeta kama nilivyokuwa nikiogopa. Usimpe dawa ya binadamu iliyomo kabatini.

Sasa ule ushauri uliopewa. Kizimba ndicho nilichokifuata. Shaba alivunja jino na kucha mbili zikatoka damu siku ya pili, akijaribu kutoka, nami nikawa nimeliongezea tatizo gharama na maumivu. Kizimba kinamfaa mbwa aliyezoeshwa polepole akakipenda, anayeingia mwenyewe kulala mlango ukiwa wazi, na hata huyo hastahili kufungiwa humo kutwa nzima. Kuhusu mwenzake, mbwa wa namna ya Shaba kwa kawaida hamlilii mbwa bali mtu, kwa hiyo unaweza kujikuta na wawili wanaolia. Leta wa pili ikiwa unamtaka yeye mwenyewe. Mnyororo ndio mbaya kuliko yote: hujizungusha kwenye nguzo, kivuli humhama jua linaposogea, maji humwagika asiyafikie, na mbwa asiyeweza kukimbia anapotishwa hujifunza kuuma.

Hata mafunzo yakifanikiwa, saa tisa mfululizo ni nyingi. Kanuni za Uswidi zinataka mbwa atolewe nje mchana angalau kila baada ya saa sita, nami naona hicho ni kiwango cha chini chenye busara kwa mbwa mzima. Mtoto wa mbwa ni habari nyingine; kipimo kinachotumiwa na wengi ni saa moja kwa kila mwezi wa umri, ukiongeza moja, kwa hiyo wa miezi mitatu atamudu takriban saa nne za kuzuia mkojo, na hapo amejitahidi. Watafiti wawili wa Uswidi, Therese Rehn na Linda Keeling, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa mbwa walioachwa kwa nusu saa, saa mbili na saa nne. Walioachwa saa mbili au nne waliwapokea wenye mbwa kwa shangwe zaidi kuliko walioachwa nusu saa. Kwa hiyo hata mbwa mtulivu huliona pengo.

Mtafute, basi, mtu wa kupita katikati ya siku, na umzoeshe mbwa wako kwake mkiwa wote wawili nyumbani mara kadhaa kabla hujamkabidhi ufunguo. Dakika ishirini za kumtoa, kubadilisha maji na kuhakikisha chumba hakijawa na joto zinatosha. Acha mabakuli mawili mazito ya maji sehemu tofauti, kwani mbwa hupoza mwili hasa kwa kutweta na maji humwishia upesi kuliko unavyodhani. Jirani yako naye mweleze kwamba umeanza kulishughulikia, na umwombe akuandikie saa anazosikia kelele. Wangu alikuwa mkali mpaka nilipompa kazi hiyo, na daftari lake likaja kunisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu lilionyesha kwamba kelele za alasiri zilianza kila gari la taka lilipopita.

Jambo la mwisho linahusu likizo. Kila ninapokaa nyumbani wiki mbili au zaidi, Shaba husahau, na siku ya kwanza ya kazi huanza kuufuata mlango tena. Siku hizi, siku nne kabla ya kurudi kazini, huchukua funguo, nikatoka kwa dakika kumi, kesho yake nusu saa, halafu saa mbili, nikiwa nimekaa tu kwenye ngazi na kitabu.