Jibu: Nihamie Dar au nibaki Mwanza kutafuta kazi ya programu?

Habari ndugu. Umesema JavaScript, ile lugha ya kuandikia programu, unaijua, ila hujui ushike kazi ipi na kama lazima uhamie Dar. Kwanza jiangalie: unapenda kurasa anazoziona mteja, au hifadhidata (mahali programu inapotunza kumbukumbu zake) na mifumo ya malipo? Mimi nimeshika mifumo ya malipo, na kazi ipo hapahapa Mwanza. Nenda soko la Mwaloni pale Kirumba uone magunia ya dagaa na madeni yanavyoandikwa kwenye daftari. Mtengenezee muuzaji mmoja mfumo mdogo wa kutunza madeni hayo, unaofanya kazi hata mtandao ukikatika. Na wateja wakilipa deni kwa simu, taarifa ya muamala mmoja inaweza kukufikia mara mbili. Zuia namba ya muamala isijirudie kwenye hifadhidata, la sivyo deni litapunguzwa mara mbili. Mwajiri akiuliza umefanya nini, mwoneshe mfumo huo. Kupima programu za wengine nayo ni kazi ya kulipwa, usiidharau.