Sanaa Inayobeba Historia, Sayansi na Hisabati

Mwalimu mwenzangu wa Chamwino, nimeelewa kwamba unataka kazi moja ya sanaa iguse masomo mengine, ilhali shule haina rangi. Anza na michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na hapo historia imeingia; kisha, ili kupata rangi, wanafunzi wasage udongo mwekundu ukiwa umeloweshwa, ili vumbi lisiwaingie puani, wauchuje kwa kitambaa, wauchanganye na ute wa yai, kisha wajadili kwa nini rangi ya madini hudumu kuliko ya majani, na hapo sayansi imeshaingia yenyewe. Kwa hisabati, wakuze mchoro wa twiga kwa miraba, kila mraba wa sentimita 2 uwe wa sentimita 10. Mkizuru Kolo, pateni kwanza ridhaa ya wazazi na kibali cha wasimamizi wa eneo hilo, na asiwepo wa kugusa wala kumwagia maji michoro.