Fundi wa Maji Anajibu: Klorini Naongeza, Mbona Maji Yanazidi Kuharibika?

*Fundi, salaam. Tuko Bangwe, Kigoma. Tumechimba bwawa dogo la kuogelea uani kwa ajili ya wajukuu na wageni wa vyumba vyetu vinne. Maji tunavuta ziwani kwa pampu, na siku ya kwanza unaona hadi chini. Wiki ya pili yanakuwa kama maji yaliyooshewa mchele, watoto macho yanawawasha, harufu ya klorini inakaba. Naongeza dawa, hali inazidi. Vigae navyo vimeota ukoko mweupe. Je, nimeuziwa dawa feki? – Bibi wa Bangwe*

Shikamoo mama. Muuza dawa usimgombeze, kwa hili hana kosa. Ziwa ndilo lenye maneno.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana umagadi. Ukiyapima pH, yaani kipimo cha uchachu na umagadi wa maji, utakuta inakaribia 9, wakati bwawa la kuogelea linataka kati ya 7.2 na 7.6. Klorini ni dawa inayochagua maji. Kwenye 7.5, karibu nusu yake ndiyo inayoua vijidudu. Ikipanda hadi 8 inabaki kama robo tu, na kwenye 9 mama, unamwaga hela. Halafu ile dawa ya chengachenga nyeupe tunayoinunua kwa ndoo, nyingi yake ni klorini iliyoshikana na chokaa. Kila kijiko unachoongeza kinapandisha pH na kuzidisha chokaa, na hiyo chokaa ndiyo ukungu unaouona majini na ukoko kwenye vigae.

Na harufu ile? Watu wengi wanadhani bwawa linalonuka klorini limejaa klorini. Mara nyingi ni kinyume chake. Inayonuka na kuwasha macho ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho, na mkojo wa hao wajukuu (usinikatalie, nami ninao). Inayofanya kazi haibaki ya kutosha.

Basi acha kuongeza klorini kwa siku mbili tatu na watoto wasiingie. Nunua kipimo cha pH, kile cha kichupa na matone mekundu. Ushushe pH kwa asidi ya bwawa, kidogo kidogo, upande wenye kina, pampu ikiwa inazunguka. Vaa glovu na miwani. Ukitaka kuizimua kwanza, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye ndoo ya maji; maji hayamiminwi kwenye asidi. Na isikutane kabisa na klorini kavu, hata kwa kijiko kimoja kutumika kotekote: hewa yake inaua. Subiri saa kadhaa, pima tena.

Ila usishangae. Leo utaishusha, kesho kutwa utaikuta imepanda. Maji ya ziwa letu yana ukaidi huo, umagadi wake ni mwingi na unairudisha pH ilikotoka. Itakuchukua wiki mbili za kushusha na kupima hadi yatulie. Pima pH kila asubuhi kabla hujagusa kopo la dawa. Ikivuka 7.8 leo, ukungu unakuja wiki ijayo. Ukisubiri uuone kwa macho, umechelewa.

*Dada fundi, hapa Ipuli, Tabora, bwawa langu la mita 8 kwa 4 linapungua, kila Jumamosi naongeza maji. Kijana anayelitunza anasema ni jua la Septemba. Nimwamini? Ukinijibu vizuri nakutumia asali.*

Kijana anaweza kuwa mkweli. Kiangazi cha Tabora, na upepo ule mkavu, kinaweza kunywa nusu sentimita kwa siku na zaidi. Lakini mimi jua liliwahi kunidanganya. Mteja mmoja nilimwambia hivyohivyo, "ni jua, ongeza tu," akaongeza miezi minne. Siku moja sakafu ya pembeni ikatitia, mguu wa meza ukazama. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya zege na udongo umesombwa wote. Sikudai hela ya kazi ile, na tangu siku hiyo natembea na penseli.

Chukua ndoo, ijaze maji ya bwawa, uisimamishe kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yalingane. Piga mstari wa penseli ndani ya ndoo na mwingine kwenye kigae. Zima pampu saa 24. Jua linakunywa kotekote sawasawa, kwa hiyo bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Rudia siku ya pili pampu ikiwa inafanya kazi. Likishuka haraka zaidi, shuku bomba linalorudisha maji bwawani. Ukiona mapovu yanatoka kwenye matundu ya kurudishia maji, pampu inavuta hewa: anza na oringi (ule mpira wa duara wa kuzibia) ya kifuniko chake, ni ya bei ndogo, kabla hujavunja zege. Na maji yakishuka yakafika usawa wa taa yakagoma hapo, tundu liko kwenye taa. Zima umeme wa taa kwanza, kisha dondosha rangi ya chakula karibu nayo uone inanyonywa wapi.

Kwa bwawa lako, sentimita moja ni lita 320. Hesabu mwenyewe kwa mwezi. Asali naipokea, hata kama ni jua.

*Nipo Kibirizi, Kigoma. Nataka kumwaga maji yote ya bwawa langu mwezi wa tatu nisugue na kupaka rangi upya. Ushauri?*

Usithubutu. Machi ardhi ya huko imelowa, na ziwa lilivyopanda tangu 2020 sote tunakumbuka. Maji ya ndani ndiyo uzito unaolikalisha bwawa chini. Ukiyamwaga, maji ya ardhini yanalisukuma kutoka chini na linaelea kama mtumbwi. Likishapasuka sakafu, rangi haitakusaidia.

Ngoja Julai. Na hata Julai, chimba kwanza shimo jembamba hatua chache kutoka ukingoni, lenye kina cha bwawa, ulale, uamke ulitazame. Ukikuta maji ndani yake, fukia shimo, sugua vigae bwawa likiwa limejaa, na rangi irudishe dukani kabla risiti haijapotea.