Kituo chetu kinalea watoto, kinafundisha na kuuza madaftari: kiko sekta gani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna kituo hapa Morogoro. Mchana tunalea watoto wa miaka miwili hadi minne, jioni kuna tuisheni ya kidato cha pili na cha nne, chumba cha nyuma tunafundisha ususi, na mbele kuna duka la vitabu na madaftari. Tunasajili kampuni BRELA na mfumo unatutaka tuchague shughuli kwa namba za ISIC. Mmoja katushauri tuandike elimu tu, mwingine anasema kituo binafsi kinahesabiwa biashara, si elimu. Kwa mwezi malezi yanaingiza shilingi 2,000,000, tuisheni 1,150,000, ususi 1,100,000 na duka 3,000,000. Tuandike nini?

JIBU: Salama, dada. Nianze na huyo wa pili, maana kauli yake naisikia sana na inawapotosha wengi. ISIC, uainishaji wa Umoja wa Mataifa wa shughuli za kiuchumi, haiulizi mmiliki ni nani wala kama anapata faida. Inauliza kinachofanyika. Shule ya serikali, ya kanisa na ya mtu binafsi zote zimo Sehemu P, yaani elimu, namba 85. Ofisi za Wizara ya Elimu, kwa upande mwingine, hazimo humo. Zinahesabiwa kwenye utawala wa umma, kwa sababu zinasimamia elimu na hazifundishi.

Ndani ya 85, awali na msingi ni 8510, sekondari ya kawaida 8521, mafunzo ya ufundi 8522, elimu ya juu 8530. Tuisheni yenu ni 8549, fungu la elimu nyingine, pamoja na kozi za lugha na za kompyuta. Ususi ni 8522. Malezi ya mchana, hata mkiwaimbisha watoto herufi, yako nje ya elimu: ni 8890, ustawi wa jamii, Sehemu Q. Duka ni 4761, Sehemu G, biashara ya rejareja.

Sasa ipi ndiyo shughuli kuu? Hapa msiangalie mauzo. Kinachopimwa ni ongezeko la thamani: mapato, toa vitu na huduma mlizonunua ili kazi ifanyike. Mishahara haitolewi. Duka linaonekana kubwa kuliko yote, lakini tuseme bidhaa mmezinunua kwa 2,400,000. Limebaki na 600,000 tu. Malezi, mkitoa 400,000 za uji na vifaa, yanabaki na 1,600,000. Tuisheni ikitumia 150,000 za chaki na fotokopi inabaki na 1,000,000, na ususi ukitumia 300,000 za rasta na dawa unabaki na 800,000. Gharama hizi nimezikadiria mimi. Wekeni zenu halisi.

Hapo wengi wangesema malezi yameshinda. Hapana. Kanuni ya ISIC ni kushuka kutoka juu: kwanza mnatafuta sehemu yenye thamani kubwa, ndipo mnaingia ndani yake. Tuisheni na ususi zote ni Sehemu P, na kwa pamoja zina 1,800,000. Q ina 1,600,000, G ina 600,000. P imeongoza. Ndani ya P, 8549 ina 1,000,000 na 8522 ina 800,000. Basi shughuli yenu kuu ni 8549, ingawa malezi ndiyo shughuli moja yenye thamani kubwa kuliko nyingine. Fomu ikiruhusu shughuli zaidi ya moja, andikeni zote nne, kwa kuwa zote mnazifanya kweli.

Naomba mfanye hesabu hii kwa makini. Orodha za biashara ndizo wanatakwimu wanazotumia kuchagua nani wa kuhojiwa kwenye tafiti za Pato la Taifa, na kila kituo cha malezi kinachojiandika shule kinaikuza elimu kwenye karatasi na kuificha kazi ya malezi, ambayo wengi wanaoifanya ni wanawake.

Kuhusu herufi: P ni ya toleo la nne, lile la mwaka 2008. Kwenye toleo la tano elimu imehamia Q, na 85 imebaki ileile. Fuateni toleo lililo kwenye mfumo mnaojaza.

Namba hii haiwapi kibali. Malezi yana usajili wake upande wa ustawi wa jamii, na mafunzo ya ufundi yana mamlaka yake. Wala haiwapi msamaha wa kodi. Hilo linaamuliwa na sheria za kodi. Na siku mkisajili darasa la awali, hilo litahesabiwa 8510. Hapo rudieni hesabu yote kuanzia juu.