Kumalizia nyumba Dar: maneno ya fundi na mahali kila kazi inapoishia

Mkuu, umesema boma lako la Kibada, Kigamboni, limeshapauliwa na fundi amekuletea karatasi ya ufundi: plasta, skimingi, skridi na tailizi, blandaringi na jipsamu, rangi, halafu chini bei moja ya jumla. Unauliza maneno hayo yana maana gani, na kama jipsamu ya dari ipigwe sasa kabla ya masika.

Huwa nasimamia saiti za ndugu zangu walio mbali, Goba, Bunju na huko huko Kigamboni, kwa hiyo karatasi za aina hiyo nazijua vizuri. Maana ya maneno hata fundi mwenyewe atakueleza. Kinachokula hela ni kwamba kila kazi ina pa kuanzia na pa kuishia, na msipopataja, kinachobaki katikati kinakuwa hakina mwenyewe. Mwenyewe unakuwa wewe.

Anza na hilo la "ufundi". Maana yake unalipia mikono, vifaa unanunua wewe. Sawa, lakini msasa ni wa nani? Mirunda na mbao za jukwaa nani anakodi? Kibarua wa kusogeza mchanga kutoka barabarani nani anamlipa? Muulize kabla hujatoa hela ya kuanzia, na majibu yaandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo.

Plasta ni simenti na mchanga kwa ndani na nje, kwa kawaida simenti 1 kwa mchanga 4 au 5. Kabla haijapigwa, fundi umeme na fundi bomba wawe wameshatindua kuta na kulaza mabomba yao. Hapo ndipo kuna kazi yatima: kuziba ile mifereji waliyotindua. Fundi umeme anasema si yake, wa plasta naye anasema hakuihesabu. Iandike.

Plasta hupimwa kwa mita za mraba. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kuta zina kimo cha mita 3. Mzunguko ni mita 15, kwa hiyo kuta ni mita za mraba 45. Mlango wa 0.9 kwa 2.1 na dirisha la 1.5 kwa 1.5 ukivitoa, zinabaki kama 40.9. Mafundi wengi hawatoi matundu, na kwa kweli wana hoja, kwa sababu kingo za dirisha zinataka muda kuliko ukuta mpana. Mimi nakubali matundu yasitolewe, mradi kingo zote ziwe ndani ya bei hiyo. Asiyekubali matundu yatolewe halafu anadai kingo kwa bei ya pembeni, huyo anakulipisha mara mbili.

Na kwa kuwa uko Kigamboni: maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi. Yaonje. Ukipigia plasta maji hayo, baadaye ukuta unatoa unga mweupe na rangi inabanduka, na kwenye zege yanakula nondo. Nunua maji ya boza. Plasta ikishashika, mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Skimingi ni ule unga mweupe unaokorogwa na maji na kupakwa juu ya plasta iliyokauka ili ukuta uwe laini. Ni mikono miwili, na kila mkono unapigwa msasa. Uandike "mikono miwili na msasa", maana neno peke yake linaweza kuishia kwenye mkono mmoja. Kukagua, nenda saiti usiku, bandika tochi ukutani ili mwanga utambae sambamba na ukuta. Kila bonde na kila alama ya mwiko itajionyesha kwa kivuli chake. Fanya hivyo kabla ya rangi. Undakoti ndiyo rangi ya kwanza ya kushikisha, juu yake zinakuja rangi zenyewe mara mbili. Hapo hakuna ugumu.

Skridi ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Ni tabaka la simenti na mchanga juu ya jamvi, yaani zege la chini, la kusawazisha sakafu kabla ya tailizi. Inainua sakafu, kwa hiyo milango ipimwe baada ya kujua kimo cha mwisho, la sivyo fundi seremala ataikata chini. Bafuni mwambie aweke mteremko kuelekea tundu la maji, na umwage ndoo ya maji uone yanakwenda wapi kabla tailizi hazijalazwa.

Tailizi za 60 kwa 60 mara nyingi zinakuja nne kwenye boksi, mita za mraba 1.44. Chumba chetu kina sakafu ya mita za mraba 14, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa 15.4, yaani boksi 11. Skatingi, ule mkanda wa chini ya ukuta, haumo humo, ongeza boksi jingine. Nunua zote kwa mara moja na uangalie namba ya toleo kwenye maboksi, maana toleo tofauti huja na rangi iliyopishana kidogo. Kukagua, gonga kila tailizi kwa sarafu kwenye kona na katikati. Inayolia tupu haina gundi ya kutosha chini, itapasuka siku utakayosogeza kabati. Itolewe kabla ya grauti, ile ya kuziba nafasi kati ya tailizi.

Blandaringi ni fremu ya mbao inayobeba dari. Jipsamu ni ubao wenyewe. Ni kazi mbili, bei mbili. Mbao ziwe kavu na zimetiwa dawa. Mbao mbichi ikikauka inajikunja na maungio yanapasuka. Uliza pia kama bei ina tepu na kuziba maungio, na mapambo ya pembeni.

Kama kazi ni kubwa, mlipe mkadiriaji majenzi akutolee BOQ, yaani orodha ya kazi zote na vipimo vyake. Pale kila kazi ina kiasi chake, kipimo chake na bei ya kipimo kimoja, na unaweza kuwapa mafundi watatu karatasi ileile wajaze bei. Wakadiriaji husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, makandarasi wana bodi yao. Hata kwa fundi wa mtaani, zuia asilimia 5 mpaka 10 ya malipo hadi miezi michache ipite.

Kuhusu jipsamu na masika: subiri, kwanza ujue kama paa linavuja. Endelea na plasta ya ndani na skridi. Mvua za Machi zikianza, panda juu ya kuta na tochi wakati inanyesha, angalia kwenye misumari na pale mapaa mawili yanapokutana. Ukiona alama ya maji kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, mwite aliyepaua arekebishe, subiri mvua nyingine ipite, ndipo upige blandaringi.